Video Haikuulizi Swali

Hebu kabla hujapita kwenda posti nyengine, nikuulize: ile video ya ufundi uliyotazama jana usiku, unaweza kunieleza sasa hivi bila kushika simu?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka hapo.

Miaka michache nyuma, madrasa moja hapa Voi ilipata paneli ya sola na betri. Mimi nilikuwa nimetazama video za sola karibu mwezi mzima. Nikasimama mbele ya wazee nikawaambia, "Hii kazi niachieni." Dakika kumi baadaye kontrola, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, kilikuwa kimeungua. Niliunga paneli kwanza, betri baadaye. Inatakiwa kinyume chake: betri kwanza, ili kontrola ijue inafanya kazi na volti ngapi, ndipo uunge paneli. Na ukifungua, unaanza kutoa paneli. Video ilisema hayo yote, wallahi. Mimi ndio niliruka hiyo sehemu.

Akaitwa mzee mmoja, fundi wa stima wa siku nyingi. Hakunitukana. Alinitazama tu akasema, "Mwanangu, simu ilikwambia. Lakini haikukuuliza."

Hilo neno sijalisahau mpaka leo.

Usinielewe vibaya. Sisemi video ni mbaya. Kijana wa Mbololo au Kasigau asiye na nauli ya kuja mjini kila siku anaweza kuona mota ikifunguliwa mbele yake, akasimamisha, akarudia mara kumi. Dada anayefika gereji akaambiwa hii si kazi ya wanawake anaweza kuanza kusoma umeme akiwa nyumbani. Mwalimu gani zamani angekurudia mara kumi bila kukasirika?

Lakini video haioni mkono wako. Haijui paa lako limeelekea wapi, wala betri uliyonunua ni ya aina gani. Ukikosea, yenyewe inaendelea kuongea tu. Na sisi tukiona mtu anafanya kitu vizuri, tunadhani na sisi tumekijua. Nani amewahi kutazama mpira miaka kumi akawa straika?

Unajua Khan Academy ilivyoanza? Mwaka 2004, Salman Khan, mzaliwa wa Marekani ambaye baba yake anatoka Bangladesh, alikuwa akimfundisha hesabu binamu yake aliyeishi mji wa mbali. Walikuwa wanaongea. Binti anauliza, yeye anajibu. Yeye anauliza, binti anakwama, wanarudia. Video za YouTube zilikuja 2006, wakati wanafunzi walikuwa wameongezeka. Yaani mwanzo kabisa kulikuwa na watu wawili wanaoulizana. Sisi tumechukua video, yale maswali tukayaacha.

Sasa tulifanya nini baada ya ile aibu ya madrasa?

Tulikaa watu watano, simu moja. Data tulichangishana, tukapakua video moja tu. Kila dakika tatu tunasimamisha, mmoja anaeleza alichoelewa, wengine wanambana. Swali la kwanza lilitoka kwa mdogo wetu kabisa: "Kwani hii madrasa inahitaji stima kiasi gani?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu.

Tukapiga. Taa 6 za wati 9, zikiwaka masaa 4, ni wati-saa 216. Feni 2 za wati 40 kwa masaa 4 ni 320. Jumla 536 kila usiku. Betri yetu ilikuwa ya volti 12 na amp-saa 100, yaani inabeba wati-saa 1,200. Lakini betri za asidi kama ile, ukitaka zidumu, usizishushe chini ya nusu. Kwa hiyo tuna 600. Betri inatosha, kwa shida.

Paneli je? Ilikuwa ya wati 100. Kwa masaa 5 ya jua kali unapata 500, na hapo hujatoa kinacholiwa na joto, vumbi na waya. Kila siku tunatumia kuliko tunachoingiza. Maana yake hata kama ningeunga waya sawasawa siku ile, baada ya siku chache taa zingezimika na ningelaumu betri.

Hakuna video iliyotuambia hivyo, kwa sababu hakuna video iliyokuwa inaongea juu ya madrasa ile. Tukachanga, tukaongeza paneli ya pili. Wati 200 gawanya kwa volti 12 ni karibu amp 17, kwa hivyo kontrola mpya tukachukua ya amp 20. Mzee fundi akaja, akatuuliza maswali nusu saa nzima kabla ya kuturuhusu kugusa kitu. Taa zikawaka.

Na kama unadhani ufundi wa maana lazima utoke ng'ambo, nenda Sagalla hapo. Wakulima wanasumbuliwa na ndovu wa Tsavo kila msimu wa mavuno. Mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants waligundua kwamba ndovu anaogopa nyuki, na pamoja na wakulima wa Sagalla wakajenga ua wa mizinga. Mizinga inaning'inizwa kila mita 10 kuzunguka shamba, imeungwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, ndovu anageuza njia. Mkulima anabaki na mahindi, na asali juu. Kazi ile ilianza na swali la shambani: huyu mnyama anaogopa nini? Sasa watu wa nchi nyengine wanatazama video za kutoka kwetu.

Kwa hiyo ndugu yangu, anza na shida iliyo mlangoni kwako, halafu ndio utafute video. Ukianza na video, utatazama mpaka data iishe.

Mambo mawili ya tahadhari.

La kwanza, stima ya nyumba, ile ya volti 240, si ya kujaribu peke yako na simu mkononi. Sola ndogo ya volti 12 ikikosewa itaunguza kontrola, na hata hapo betri ikigusanishwa waya inaweza kuwasha moto. Stima ya 240 inaua. Kazi ya kuunga waya za nyumba na za sola inataka leseni ya EPRA, na sababu yake ndiyo hiyo. Jifunze chini ya fundi.

La pili, karatasi. Najua wengi mnajua kazi kuliko waliosoma. Lakini hakuna kontrakta atakayekuchukua kwa kumwambia "nimetazama YouTube". Ukishakomaa, nenda ufanye mtihani wa ufundi wa NITA. Siku hizi pia kuna utaratibu wa RPL, wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa: unapimwa kwa unachoweza kufanya. Kama unaweza kuingia darasani, Coast Institute of Technology iko hapa hapa Voi, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini. Mimi nina diploma tu, na sijutii. Mtihani si adui yako. Ni mtu mwengine anakuuliza swali ambalo simu haikukuuliza.

Na hapa ndipo mambo haya yanapotuhusu sote, hata asiyetaka kuwa fundi.

Bomba la Mzima linachukua maji Tsavo hapa na kuyapeleka Mombasa tangu miaka ya 1950. Sisi linapopita, wengi bado tunanunua maji kwa mtungi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi ya kutosha ni haki yako. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sasa siku ya baraza la bajeti tunaenda kusema nini? Tunasimama, tunalalamika, tunapigiwa makofi, tunarudi nyumbani na mtungi.

Hebu fikiria kijana mmoja asimame aulize: Kisima kina mita ngapi? Pampu ni ya kilowati ngapi? Kinatoa lita ngapi kwa saa? Kuinua lita 1,000 kutoka mita 100 kunataka angalau robo yuniti ya stima, na pampu halisi hula zaidi, pengine mara mbili. Basi bili ya kila mwezi ni ngapi, na nani atailipa? Mbona haiko kwenye bajeti?

Swali kama hilo haliishi kwa makofi. Lazima mtu afungue faili. Na hesabu yake si ya chuo kikuu, ni kuzidisha na kugawanya ulikofunzwa shule ya msingi, pamoja na video moja ya pampu uliyoitazama ukiwa macho.

Wiki hii basi, chagua shida moja mtaani kwako, iwe Kaloleni, iwe Sagalla, popote. Tafuta wenzako wawili. Pakueni video moja, muitazame kwa kuulizana, kisha mfanye kitu kwa mikono. Mkikwama, mtafuteni fundi mzee wa mtaa, mumpelekee chai na mahamri. Atawauliza mpaka mtoke jasho.

Wabillahi tawfiq.