Kuhamisha Mafaili Sio Bekapu

Swali naulizwa sana na wasee wanaoanza kurekodi video ni hili: "Buda, ninunue hadi diski ya kampuni gani ndio isiniangushe?" Jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu. Nunua ile mfuko wako unaweza. Zote hufa.

Mwaka jana shosho alinikalisha jikoni kwake akanipigia stori ya vile alikuja Nairobi akiwa msichana, na sanduku moja na anwani ya mtu hamjui. Dakika 52, na simu haikuita hata mara moja. Nikahamisha hiyo video kwa diski ya nje, nikaifuta kwa kadi na kwa lapi ndio nipate nafasi. Nikajiambia sasa iko salama.

Wiki mbili baadaye, saa sita usiku, niko kitandani nakata klipu. Stima ikapotea. Lapi ilikuwa na chaji, kwa hivyo diski iliendelea kuzunguka. Nikaamka gizani kutafuta simu, mguu ukanasa waya, diski ikaenda chini kwa simiti. Ni urefu wa kitanda tu. Nilipoichomeka tena ikaanza: tik, tik, tik.

Hiyo sauti nilikuja kuielewa baadaye. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazong'aa, zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa cha kusoma kinachoelea bila kugusa, na nafasi iliyo katikati ni nanomita chache. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo nafasi mara maelfu. Diski ikianguka ikiwa inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza, na pale ilipokwaruzwa ndipo data yako ilikuwa. Ile tik ni kichwa kikijaribu kusoma, kikishindwa, kikirudi mwanzo, kikijaribu tena. Mimi nikaiwasha mara kama ishirini nikiomba. Kila mara pengine niliimaliza zaidi.

Fundi aliniambia ukweli: hii haifunguliwi mezani kwake, vumbi kidogo tu litaua kilichobaki. Inatakiwa chumba kisafi maalum na vichwa vingine. Bei niliyopewa ya kazi kama hiyo ilikuwa zaidi ya lapi yangu, na bila ahadi yoyote.

Na si kuanguka pekee. Mota huchoka. Joto la diski iliyofunikwa na blanketi halisaidii. Stima ikirudi kwa kishindo inaweza kuunguza saketi, na ikikatika wakati faili linaandikwa, faili linabaki nusu. Halafu kuna zile zinakufa tu, bila kosa lako.

Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze, kazi yake ni kuwawekea watu data. Tangu 2013 imekuwa ikitoa hesabu za diski zake wazi. Mwaka wa 2023 kiwango cha diski zilizokufa kilikuwa karibu 1.4 kwa kila 100. Unaona ni kidogo? Hizo zinakaa kwa jumba lenye ubaridi na stima ya uhakika. Hazijapanda matatu ya Rongai ndani ya begi.

Na usingoje dalili. Watafiti wa Google walichunguza diski zaidi ya 100,000 na kutoa matokeo 2007: zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha ishara yoyote kwa vile vipimo vya ndani ambavyo diski hujipima navyo. Jana iko fiti, leo imeenda.

Najua kuna msee atasema, "Mimi natumia SSD." Poa, hiyo haina kitu kinazunguka, ikianguka ina nafasi nzuri zaidi. Lakini nayo huchakaa kila unapoandika data, na ikikufa mara nyingi hata tik haikupi.

Kwa hivyo hapa ndio nasimama: sisi tunabishana kuhusu kampuni kwa sababu ni rahisi kuliko kukubali kosa letu. Diski yangu ilifanya kile diski hufanya. Mimi ndiye niliyechukua kitu cha maana na kukiacha mahali pamoja, nikaita hiyo bekapu. Ukitoa faili kwa lapi ukaweka kwa diski, ukafuta kwa lapi, hujahifadhi. Umehamisha. Bado ni nakala moja, na sasa iko kwa kitu kinachoweza kuanguka kitandani.

Kanuni ni ya zamani na inafanya kazi: nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Ile ya mbali inaweza kuwa ya mtandaoni, ama diski kwa binamu yako. Ndio, bando ni ghali na huwezi kupandisha kila kitu. Usipandishe kila kitu. Zile klipu za chakula zinaweza kupotea, dunia itaendelea. Chagua zile huwezi kurekodi tena.

Shosho alituacha Machi. Kilichobaki ni sekunde 41 nilizokuwa nimemtumia shangazi kwa WhatsApp ile siku ya jikoni, picha imefifia, sauti inakwaruza. Anacheka, anasema nizime hiyo simu ninywe chai. Hiyo ndiyo nakala pekee iliyokuwa mahali pengine, na sikuifanya kwa akili. Ilikuwa bahati.

Leo usiku, kabla ulale, tafuta ile video moja. Unaijua. Iweke mahali pa pili, halafu uifungue huko uone kama inacheza.