Makundi ndani ya Chama na Hesabu ya Mchujo

Wanachama wenzetu, twasikia mara kwa mara ikisemwa barazani, na maofisini pia, ya kwamba chama kikigawanyika makundi hudhoofika chote sawasawa. Sisi hatukubali. Twaona mgawanyiko una upendeleo: humwumiza aliyegawanyika, na humneemesha yule ambaye kundi lake limebaki zima. Jambo hili laonekana wazi huko Marekani, katika uchaguzi wa mchujo, yaani ule ambao watu wa chama humchagua mmoja wao agombee Urais.

Mwaka 2016 chama cha Republican kilikuwa na wagombea wakubwa 17. Donald Trump alikuwa na watu wake wasioyumba. Wakubwa wa chama wasiomtaka walikuwa wengi, lakini kila kundi lao lilikuwa na mtu wake. Tarehe 20 Februari jimbo la South Carolina lilipiga kura. Katika kila kura 100 Trump alipata 32 hivi. Marco Rubio na Ted Cruz, 22 hivi kila mmoja. Zilizosalia waligawana wengine. Karani ye yote angedhani wajumbe wa mkutano mkuu watagawanywa kwa kadiri hiyo. La, hasha. Kanuni ya jimbo hilo ilimpa wajumbe 29 aliyetangulia jimbo zima, na watatu kwa kila wilaya ya uchaguzi aliyotangulia, nazo wilaya ni saba. Trump akawatwaa wote 50.

Hatusemi ya kwamba kura za hao wengine zote zingemwendea mtu mmoja. Huenda baadhi yao wangemchagua Trump vile vile. Twasema tu ya kwamba jambo hilo halikujaribiwa mapema, maana kila mmoja alingoja mwenzake ajitoe. Jeb Bush na Rubio ni watu wa Florida wote wawili, na fedha nyingi za waliomwunga mkono Bush zilitumika kumshambulia Rubio, hali yuko aliyewatangulia wote wawili. Kwa maoni yetu huo ulikuwa upumbavu mtupu.

Chama cha Democratic kilifanya vingine mwaka 2020. Bernie Sanders alikuwa akiongoza, na wasiomtaka walikuwa wametawanyika. Joe Biden aliposhinda South Carolina tarehe 29 Februari, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walijitoa kabla ya siku tatu kwisha, wakamwunga mkono. Tarehe 3 Machi majimbo 14 yalipiga kura, na Biden akashinda 10, ijapokuwa Michael Bloomberg alikuwa bado yumo.

Siku hiyo hiyo mgawanyiko ulihamia upande wa Sanders, maana Elizabeth Warren, ambaye siasa zake zilikaribiana na zake, hakujitoa. Katika Massachusetts, jimbo la Warren mwenyewe, Sanders alipata kura 26 hivi katika kila 100, na Warren 21. Biden alishinda kwa 33.