Dawa ya minyoo bila choo ni kazi bure

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kuna mgeni akaaye tumboni mwa mtu miaka kadhaa, akila na kuzaa humo, na jembe hajawahi kulishika. Mgeni huyo ni mnyoo.

Chukua minyoo ya safura. Viluwiluwi wake huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Mtoto akipita pekupeku, humpenya ngozi ya mguu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na kufika katika utumbo mdogo. Huko hujishikiza kwa meno na kunyonya damu, huku wakitoa maji yanayoizuia isigande. Kwa kawaida hawamwui mwenyeji wao, kwani akifa nao hufa. Humdhoofisha polepole. Mzazi humwona mtoto amepauka na amechoka ovyo, naye mwalimu akidhani ni mvivu.

Hasara yake ni kubwa. Katika uchunguzi ulioanza mwaka wa 1998 katika shule 75 za msingi huko Busia, watoto walipopewa dawa, visa vya kukosa shule vilipungua kwa karibu robo. Mnamo 2009 serikali ilianza mpango wa kuwapa wanafunzi dawa hizo shuleni. Hiyo ni hatua ya kupongezwa.

Hata hivyo, dawa humwua mnyoo aliye tumboni leo. Haimzuii wa kesho. Mchango jike mmoja huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mtoto humeza dawa shuleni asubuhi, na jioni anarudi kuchezea uchafu ule ule nyuma ya nyumba.

Hapa mijini lawama si ya mzazi peke yake. Kuna ploti ambazo familia nyingi hung'ang'ania choo kimoja kilichojaa, ilhali mwenye nyumba hakosi kuja kuchukua kodi kila mwisho wa mwezi. Huyo naye ni mnyonyaji. Serikali za kaunti zisimruhusu mtu yeyote kupangisha nyumba zisizo na vyoo vya kutosha.

Nawe mzazi, mvishe mtoto viatu, mfunze kunawa mikono kwa sabuni atokapo chooni, na uoshe vyema matunda na mboga. Ukiona dalili, mpeleke hospitali. Mgeni huyu haondoki kwa kuombwa.