Mtambo Utendao Kazi Sharti Uandike Daftari

Methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ilikusudiwa wafanyabiashara. Leo yafaa ifundishwe pia katika vyumba vya kompyuta. Kazi nyingi ambazo zamani zilifanywa na fundi mmoja mbele ya mashine moja, siku hizi hufanywa na programu moja juu ya mashine mia kwa pamoja, na fundi mwenyewe yu mbali nazo. Kasi hiyo ina faida kubwa. Lakini kadiri mkono wa mtu unavyojitenga na kazi, ndivyo macho yake yanavyokosa ushahidi wa yaliyotendeka. Kuagiza mashine bila kuhifadhi kumbukumbu za utendaji wake ni nusu ya elimu, na shule zinazofundisha kompyuta zinapaswa kuzifundisha nusu zote mbili kwa pamoja.

Mfano mmoja kutoka Marekani unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kampuni ya Knight Capital ilikuwa ikinunua na kuuza hisa kwa programu zilizowekwa katika seva nane, yaani kompyuta zinazotoa huduma kwa kompyuta nyingine. Mwishoni mwa Julai 2012 programu mpya ilianza kuwekwa katika seva hizo. Fundi hakuinakili katika seva ya nane, na hapakuwa na mtu wa pili aliyepewa jukumu la kuihakiki kazi yake. Katika seva hiyo ilibaki programu ya kale iliyoachwa kutumika tangu mwaka 2003. Soko la hisa la New York lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, tarehe 1 Agosti, seva saba zilifanya kazi sawasawa. Ya nane iliiamsha programu ile ya kale, nayo ikaanza kutoa maagizo mfululizo pasipo kikomo. Katika muda wa dakika 45 hivi kulifanyika mauziano zaidi ya milioni 4 katika aina 154 za hisa, na hasara ya kampuni ikapita dola milioni 460.

Kosa lenyewe si jambo la ajabu. Binadamu husahau, na ataendelea kusahau. Funzo kubwa kwa mwanafunzi wa sayansi limo katika zile dakika 45. Mafundi waliona kwamba mambo yameharibika, lakini hawakujua chanzo. Wakadhani kasoro imo katika programu mpya, wakaiondoa katika seva saba zilizokuwa nzima. Matokeo yake, seva hizo nazo zikaanza kufanya kama ile ya nane. Dawa ilizidisha maradhi kwa sababu tiba ilitangulia uchunguzi. Lau mbele yao pangekuwapo jedwali lionyeshalo seva ipi ilipokea nini, na lini, seva ya nane ingejitaja yenyewe.

Ili kuepuka makosa ya mkono ya namna hiyo, mafundi wengi wa leo hutumia programu zinazoziendesha mashine nyingi kwa maagizo yaliyoandikwa. Mojawapo iliyoenea sana ni Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, na ambayo ilinunuliwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2015. Fundi huandika orodha ya hatua: seva hizi ziwe na programu fulani, faili hili liwe na maneno haya, huduma ile iwashwe. Ansible huzifikia seva kwa njia ya mtandao, hutekeleza hatua moja baada ya nyingine, na kwa kila hatua katika kila seva hutoa jibu: hali ilikuwa sawa tayari, imebadilishwa, hatua imerukwa, imeshindikana, au seva haikufikika.

Hapo ndipo tatizo la daftari linaporudi kwa sura mpya. Orodha ya hatua 40 ikitekelezwa katika seva 50 huleta majibu 2,000. Majibu hayo hupita mbio kwenye kioo cha kompyuta, na fundi asipochukua hatua ya kuyahifadhi, hutoweka pindi anapolifunga dirisha. Juma moja baadaye huduma inapokwama na mkuu wa kazi anapouliza ni nini kilichobadilishwa, jibu hutegemea kumbukumbu ya kichwa cha mtu.

Mwaka 2016 ilianzishwa programu iitwayo ARA ili kuziba pengo hilo. Ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza ilivyoundwa, kuirekebisha na kuisambaza. Kazi yake ni moja. Ansible inapoanza kutekeleza orodha ya maagizo, ARA hukaa kando yake kama karani na kuandika katika hifadhidata: nani aliagiza, saa ngapi, kwa toleo lipi la Ansible, hatua ipi ilitoka katika faili gani na mstari wa ngapi, ilichukua muda gani, na kila seva ilijibu nini. Aidha, ARA huhifadhi maandishi ya mafaili ya maagizo kama yalivyokuwa saa ile. Jambo hili la mwisho lina thamani kubwa, kwa kuwa mara nyingi fundi hulihariri faili baada ya kazi kushindikana, kisha hushangaa kwamba kosa lililoripotiwa halionekani tena katika maandishi anayoyasoma.

Huenda mtu akadai kwamba hifadhidata ni anasa, kwani Ansible yenyewe yaweza kuagizwa iyaandike majibu yake katika faili la kawaida. Dai hilo lina ukweli, na faili la kawaida ni bora kuliko kukosa kabisa. Hata hivyo, maandishi marefu yaliyochanganya majibu ya seva 50 yanafanana na stakabadhi za mwaka mzima zilizotupwa katika gunia moja. Hakuna kilichopotea, lakini hakuna kinachopatikana kwa urahisi. Hifadhidata huruhusu swali mahsusi: hatua zilizoshindikana Jumanne tu, au mabadiliko yote ya seva moja tangu mwanzo wa mwezi. Uwezo wa kuuliza swali dogo na kupata jibu dogo ndio unaofupisha safari ya kutafuta chanzo cha hitilafu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba daftari peke yake lingeiokoa kampuni ile ya Marekani. Uchunguzi wa serikali, uliomalizika mwaka 2013 kwa faini ya dola milioni 12, ulibainisha kwamba siku ya mkasa, kabla soko halijafunguliwa, mitambo ya kampuni ilikuwa imetuma barua pepe 97 zilizotaja kosa linalohusu programu ile ya kale. Wafanyakazi walizipokea, lakini hazikuchukuliwa kuwa tahadhari na hazikushughulikiwa. Kumbukumbu isiyosomwa haina tofauti na kumbukumbu isiyoandikwa. Tena, daftari linaloandika kila kitu laweza kuandika hata siri. Nywila zikipitishwa ovyo katika maagizo zaweza kuhifadhiwa humo, na kila mwenye ruhusa ya kulifungua akazisoma. Wanaoitunza ARA wanalifahamu jambo hili, ndiyo maana programu huacha kuhifadhi baadhi ya taarifa isipokuwa ikiagizwa vinginevyo. Lakini wajibu wa kwanza ni wa fundi: aamue lipi la kuandikwa, lipi la kufichwa, na nani aruhusiwe kusoma.

Mwalimu wa sekondari aweza kuuliza haya yote yanaihusu vipi shule yake, ambayo huenda ina kompyuta chache tu. Yanamhusu kwa sababu kanuni hii anaifundisha tayari katika maabara. Mwanafunzi wa fizikia huagizwa aandike kila kipimo papo hapo, hata kile kinachoonekana kuwa kibaya, wala asisubiri kuona kama kinalingana na jibu la kitabu. Kila mwalimu anayajua majedwali yaliyopikwa, ambamo nukta zote zimelala juu ya mstari bila hata moja kukengeuka. Jedwali la namna hiyo haliwezi kumwonyesha mwanafunzi kosa lake, kwa kuwa kosa limekwisha kufutwa.

Katika somo la kompyuta nidhamu hiyohiyo yaweza kufundishwa kwa gharama ndogo. Ansible na ARA hupatikana bila malipo, na kompyuta moja yenye mfumo wa Linux inatosha kuanzia, kwa sababu Ansible yaweza kuiagiza hata kompyuta ileile inayoiendesha. Mtandao wa intaneti unahitajika siku ya kuzipakua. Baada ya hapo kundi moja la wanafunzi liandike maagizo ya hatua kumi, liharibu mstari mmoja kwa makusudi, kisha liyatekeleze. Kundi la pili lipewe kumbukumbu za ARA peke yake, litaje hatua iliyoshindikana, mstari wenye kosa na sababu yake, kabla ya kuruhusiwa kugusa chochote. Alama zitolewe kwa uchunguzi, si kwa kubahatisha dawa.

Wanafunzi wa leo ndio watakaokabidhiwa kesho mitambo ya benki, hospitali na umeme. Wakizoea tangu shuleni kuona kazi iliyokamilika bila kumbukumbu kuwa kazi ambayo haijakamilika, siku mtambo utakapoharibika hawataanza kwa kung'oa sehemu zilizo nzima. Wataanza kwa kusoma.