Mshtarii hangoji kamera yako!

Nina jamaa yangu mmoja pale Tabata, mpole tu, lakini ukimgusia habari za darubini hamlali. Juzi kaniletea picha ya Mshtarii, sayari ambayo wengine wanaiita Jupita. Nikamwuliza, hii sayari au chapati? Duara jeupe, halina hata mstari!

Kumbe bwana kaiachia kamera ipokee mwanga muda mrefu, eti sayari ing'ae. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tunachotafuta ni ile mikanda ya mawingu. Sasa hewa iliyo juu yetu, hasa jioni mabati yakiwa bado yanatoa joto la mchana, inacheza kama maji yanayochemka. Kamera ikikodoa macho muda mrefu, mchezo wote huo unaingia kwenye picha.

Dawa ni kurekodi video. Kila picha ipate mwanga milisekunde 10 hivi, yaani picha 100 kwa sekunde. Ni giza? Pandisha geini, ile nguvu ya kamera ya kukuza mwanga, mpaka grafu ya mwanga ifike asilimia 60 au 70. Ikigota mwisho, mikanda imekwenda na maji. Chenga zitakuwepo, tena nyingi, lakini jamani msiogope chenga! Dakika 2 zinakupa picha 12,000. Programu ya AutoStakkert, ambayo ni ya bure, inachagua zilizotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine, chenga zinapungua zenyewe. Picha iliyovurugwa na hewa ndiyo haina dawa.

Na dakika hizo usizivute. Mshtarii ana upana mara 11 ya dunia yetu, lakini anajizungusha kwa saa 10 kasoro kidogo! Rekodi dakika 10 uone, lile doa jekundu litakuwa limeshahama. Zohali ni hafifu zaidi, mpe milisekunde 30 au hata kuzidi.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2006 Christopher Go wa Cebu, Ufilipino, mpiga picha wa ridhaa tu, ndiye aliyebaini kwamba doa jingine la Mshtarii, lililokuwa jeupe, limegeuka jekundu. Cebu ni nchi za joto kama kwetu, ambako sayari hupanda juu sana. Kule Ulaya kuna miaka zinajikokota karibu na paa za nyumba.

Kwa hiyo wewe subiri tu ipande na mabati yapoe, ndipo uwashe kamera.