"Niliwekewa mchele": korti itakusikiza lini?



Mtaani kila mtu anajua kuwekewa mchele ni nini. Dawa inatiwa kwa soda au juisi, unalala, unaamka huna simu wala pesa. Hapo wewe ndiye uliyeibiwa. Sasa, vipi kama dawa haikukulaza bali ilikuvuruga akili, ukafuatana na watu usiku, asubuhi ukaamkia seli na shtaka la wizi wa mabavu?

Shtaka hilo si mchezo. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukiiba kwa nguvu ukiwa na silaha hatari, au mkiwa wawili au zaidi, au ukimjeruhi mtu, hukumu ni kifo. Kweli, Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Lakini uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 kwenye kesi ya Muruatetu, uliofuta ulazima wa hukumu ya kifo, mahakama hiyo yenyewe ilieleza 2021 kwamba ulihusu mauaji pekee.

Tusome kifungu cha 13. Kinaanza kwa kusema ulevi si utetezi. Halafu kinafungua mlango mdogo: kama hukujua unafanya nini, au hukujua kwamba ni kosa, na ulevi huo uliletwa na mtu mwingine bila ridhaa yako, kwa ubaya au kwa uzembe wake, basi unaachiliwa. Dawa za kulevya pia zinahesabika kama ulevi.

Angalia vizuri, masharti ni mawili na yote lazima yatimie. Aliyemeza tembe mwenyewe ili apate ujasiri wa kushika panga hapiti kwa mlango huu. Aliyewekewa dawa lakini alijua anachofanya pia hapiti. Upande wa mashtaka utauliza: ulikumbuka kuficha uso? Ulitoroka ulipoona polisi? Simu iliyoibiwa ilipatikana kwako?

Sasa, asiye na hatia anapotelea wapi? Mara nyingi ni kwa mambo mawili: muda na aibu.

Muda, kwa sababu dawa nyingi za aina hii hutoka mwilini ndani ya saa chache au siku chache. Kesi ikifika kusikizwa miezi baadaye, bila kipimo cha damu au mkojo, umebaki na mdomo wako tu.

Aibu, kwa sababu kijana wa Kiislamu anaogopa baba na ustadh wajue alikuwa maskani gani na alikunywa nini. Ananyamaza. Anakuja kusema mara ya kwanza siku ya kujitetea, na hakimu anaona ni stori iliyotungwa jana.

Kwa hivyo wazazi, mtoto akishikwa, swali la kwanza lisiwe "umetuaibisha vipi?" Uliza: "Ulikula nini, ulikunywa nini, ulikuwa na nani?" Tafuteni wakili mapema, na yeye ndiye aambiwe yote. Ombeni kipimo cha hospitali siku hiyo hiyo. Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuzungumza na wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Hapo hapo, siku ya kwanza, hakimu aombwe aamuru apimwe. Msiojiweza, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliandikwa kwa ajili yenu.

Na vituo vya polisi navyo: mshukiwa aliyeletwa akiwa hajijui apelekwe kupimwa, si kulazwa sakafuni mpaka dawa iishe. Kipimo hicho kinamsaidia hata aliyeibiwa. Mama aliyekatwa panga Kisauni au Likoni anastahili kujua nani hasa alimkata, na nani alimtia kijana dawa akamtuma. Kisingizio cha uongo kitaanguka kwa kipimo hicho hicho.

Mlango wa sheria upo. Usiache ufungwe kwa sababu ya aibu.