Damu ikivujia kwenye ukuta wa aota: Kwa mgonjwa wa Hombolo, kipimo gani kinafaa?

Dodoma. Chukua mfano wa mkulima wa zabibu wa Hombolo mwenye presha ya siku nyingi. Saa 10 usiku anaamka, kifua kinauma kama kinachanika, maumivu yanapita hadi mgongoni. Wengi watasema ni moyo.

Inawezekana. Lakini kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana: damu kuvujia ndani ya ukuta wa aota, mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo na kuisambaza mwilini.

Hapo mshipa haujapasuka, ila damu imejikusanya katikati ya tabaka za ukuta wake. Mgonjwa akicheleweshwa, unaweza kupasuka kabisa. Na akidhaniwa ana shambulio la moyo, akapewa dawa za kuyeyusha damu, uvujaji unaweza kuongezeka.

Sasa, kipimo gani kitaonyesha ukweli?

Eksirei ya kifua inapatikana kirahisi, lakini picha inaweza kutoka safi huku tatizo lipo.

Eko ya moyo inayopimwa juu ya kifua ni ya haraka, ila sehemu kubwa ya aota haionekani vizuri. Ile ya kupitisha kifaa kooni inaona zaidi, lakini inataka mtaalamu aliyeizoea, na kuna kipande cha aota inachokikosa.

MRI inaona vizuri, haina mionzi, na inaweza kutofautisha damu mpya na ya siku nyingi. Shida ni muda. Mgonjwa ambaye hali yake inabadilika kila dakika si wa kulazwa humo muda mrefu.

CT-Scan inamaliza kazi kwa dakika chache na kuonyesha aota nzima, kifuani hadi tumboni. Kwa dharura, hiki ndicho kipimo cha kwanza.

Ila kuna hatua ndogo inayoweza kurukwa: kupiga picha kabla ya kuingiza dawa ya rangi. Bila rangi, damu mbichi huonekana kama mwezi mwandamo mweupe kwenye ukuta wa mshipa. Rangi ikitangulia, mshipa wote unang'aa na mwezi ule unaweza kufichika. Picha ya pili, yenye rangi, ndiyo inaonyesha kama ukuta umechanika.

Picha pia inaamua tiba. Damu ikiwa karibu na moyo, mara nyingi ni upasuaji. Ikiwa sehemu ya chini zaidi, wengi huanza na dawa za kushusha presha chini ya uangalizi wa karibu.

Mashine si tatizo kama zamani. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ina CT-Scan na MRI, na sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni wa IMF wa mwaka 2021 ilinunua CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa.

Lakini Hombolo iko zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kwa hiyo kazi inaanzia kituo cha afya: mhudumu kushuku mapema, kupima presha mikono yote miwili, na kutoa rufaa bila kusubiri kupambazuke. Hilo lisipofanyika, mashine ya mjini haitamsaidia mkulima huyu.